Hatamu ya mbwa si kifungo cha mdomo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nijibu barua ya msomaji mwenzangu aliyependekeza, wiki iliyopita, kwamba kila mbwa anayetembezwa jioni huku Raskazone afungwe mdomo. Kero aliyoieleza, ya mbwa kuwasumbua wapita njia, ni ya kweli, na mimi ni mmoja wa walioisababisha. Dawa yake ndiyo isiyoponya, kwa kuwa mbwa aliyefungwa mdomo huvuta kamba vilevile, na mbwa anayevuta anaweza kumwangusha mtu bila kumtia jino. Ninachopendekeza mimi ni hatamu, yaani mikanda ya kichwani inayomgeuza mbwa uso kila anapovuta.

Mwaka jana mbwa wangu, dume la kilo zipatazo 30, alimwona paka ng'ambo ya barabara. Kamba niliyoishika ilikuwa ya katani, ikanichomoka kiganjani na kuniachia mchubuko, naye akapita katikati ya miguu ya mzee aliyekuwa akienda kuswali Magharibi. Hakumng'ata. Lakini udenda wake uliingia kwenye kanzu, na yule mzee, bila kunitolea neno la tusi, aliniambia tu: "Mwanangu, mimi sasa nirudi nyumbani nikaitoharishe kanzu mara saba, na sala ya jamaa itanipita." Kwetu sisi watu wa mwambao hilo si jambo dogo, na nauli ya bajaji niliyotaka kumpa aliikataa.

Nilijaribu kwanza mnyororo unaojikaza shingoni, kama wafanyavyo wengi. Mbwa alikoroma, akakohoa, na bado akavuta. Baadaye nilielewa sababu: nguvu za mbwa ziko kifuani na mabegani, na mkanda wa shingoni humpa mahali pa kuegemea mzigo wake kama ng'ombe anavyoegemea nira. Isitoshe, kila anapovuta nasi tukamfuata, tumekwisha kumlipa kwa kuvuta kwake, kwani amefika alikotaka.

Hatamu ya mbwa hufuata kanuni inayojulikana na kila aliyewahi kumwongoza punda, kwamba kichwa kinapogeuka mwili hufuata. Ina mikanda miwili: mmoja hukaa juu ya shingo, nyuma tu ya masikio, na wa pili huzunguka pua chini ya macho, kisha kamba hufungwa chini ya kidevu. Huko Uingereza mtaalamu wa tabia za wanyama, Roger Mugford, aliitengeneza ya aina hiyo inayouzwa kwa jina la Halti. Mbwa akivuta, uso wake hugeuzwa kumwelekea aliyeshika kamba, na kasi yote humwishia. Kamba ikilegea, mdomo huwa wazi, naye huhema, hunywa maji na kuokota dagaa aliyeanguka njiani.

Huko kuhema ndiko ninakotaka msomaji mwenzangu akuangalie. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Hujipoza hasa kwa kuhema huku ulimi ukiwa nje, na mwenye kumbana mdomo kwa kitambaa katika joto letu la Februari anaweza kumuua njiani. Hata hivyo nakubaliana naye katika jambo moja, kwamba hatamu haizuii kung'ata. Mbwa anayejulikana kuwa mkali avishwe kifungo cha mfano wa kikapu, kipana kiasi cha kumwezesha kupanua mdomo na kuhema.

Hatamu yangu ilishonwa na fundi viatu wa mtaa wa Ngamiani kwa mkanda wa begi kuukuu. Fundi, ambaye hamgusi mbwa, alinirushia uzi nipime pua mwenyewe, akabaki nyuma ya meza akinielekeza kwa bisibisi kama nahodha aingiaye bandarini. Uzi tulioukata ulikuwa mfupi, ikabidi nirudi siku ya pili, na mbwa akamsubiri fundi kwa furaha isiyokuwa na mwenzi.

Wengi huiacha hatamu siku ya kwanza, kwa sababu mbwa huikwangua kwa makucha na kusugua uso mchangani, nao huona wanamtesa. Mimi nilitumia siku nane. Siku mbili za mwanzo niliishika tu mkononi kama pete, na ili apate kipande cha samaki ilimbidi apenyeze pua yeye mwenyewe, sikuifunga kabisa. Siku ya tano aliivaa muda wa kula, na kamba ilikuja mwisho. Barabarani nikawa nasimama kila anapovuta, na kuendelea pale tu kamba inapolegea. Kinachokatazwa kabisa ni kumvuta kwa ghafla, kwani shingo inayopinduliwa kwa nguvu huumia. Kwa sababu hiyo hiyo hatamu haifai kwa kamba ndefu wala kumfungia mbwa mtini, na afikapo nyumbani huvuliwa. Mbwa wa pua fupi haiwakai. Nami huongeza kamba ya pili kwenye mkanda wa shingoni, endapo hatamu itachomoka.

Yule mzee bado hupita saa ile ile. Akifika karibu huninyooshea bakora nisogee upande wa bahari, nami husogea, na mbwa huketi chini mpaka kanzu ipite.

Mfuga mbwa,
Raskazone, Tanga