Kabla ya kununua sumu ya panya, tutazame mabanda yetu ya kuku

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumze na wafugaji wenzangu wa uani, sisi wa kuku hamsini, sitini, tusio na shamba wala mlinzi. Jumamosi iliyopita kijana wa sumu ya panya amepita tena mtaani kwetu Kihonda, hapa Morogoro, spika begani, na ile sauti iliyorekodiwa: panya, mende, kunguni, viroboto. Jirani yangu alitoka mbio na elfu moja mkononi. Nilimzuia getini, tukaongea mpaka chai yake ikapoa, na niliyomweleza ndiyo haya.

Mimi ni fundi cherehani. Kuku ni kazi yangu ya pili, na miezi ambayo hakuna sare za shule wala harusi, mayai ndiyo yanayoniwekea mboga mezani. Februari mwaka jana nilikuwa na vifaranga 42 wa wiki tatu kwenye bruda, yaani sehemu ya joto ya kulelea vifaranga. Asubuhi moja nilikuta 25. Kumi na mmoja walikuwa wamelala juu ya maranda, kila mmoja ana jeraha dogo shingoni, na sita sikuwaona tena hata manyoya. Kwenye pembe ya banda, chini kabisa, ubao ulikuwa umegugunwa, tundu lenyewe haliingii vidole viwili, na unga mbichi wa mbao umemwagika pembeni. Wiki hiyohiyo tetea wangu mkubwa akaanza kuchechemea. Nilipomgeuza niliona nyama ya kidole imeliwa mpaka mfupa. Kuku gizani haoni, anatulia tu juu ya fito, na panya tunamjua, anauma huku anapuliza.

Nikanunua sumu kwa huyohuyo kijana au mwenzake, siwezi kuapa. Kikaratasi kimekunjwa, ndani chembechembe nyeusi. Nilichanganya na dagaa, nikaweka chini ya banda. Asubuhi panya watatu wamekufa karibu na ndoo ya maji, nikafurahi sana. Jioni paka wa jirani akafa, povu mdomoni. Nililia, maana alikuwa paka wa watoto. Kesho yake niko kwenye cherehani napinda sketi, nikamwona mjukuu wangu wa miaka miwili anatokea nyuma ya banda, ameshika dagaa. Amemshika kwa ncha za vidole viwili, vile watoto wanavyookota kitu kidogo, na mdomo wake umefumba.

Sikumbuki nilivyofika pale. Nilimpanua mdomo, nikapitisha kidole, sikukuta kitu, lakini ningejuaje kama hajameza mwingine? Tulifika zahanati kwa bodaboda. Muuguzi akaniuliza, "Mama, ni sumu gani?" Nikampa kile kikaratasi. Akakigeuza upande huu, akakigeuza upande ule. Hakikuwa na hata herufi moja.

Tulikaa mpaka magharibi, mtoto anapimwa mapigo ya moyo na kumulikwa macho. Namshukuru Mungu, hakuwa amemeza. Muuguzi alinieleza kwa upole, na maneno yake sijayasahau. Ziko sumu za panya zinazozuia damu kuganda, na mgonjwa wake anatibiwa kwa vitamini K. Ziko zinazotoa gesi zikifika tumboni, hizo hazina dawa ya kuzizima. Na ziko sumu kali za wadudu wa shambani ambazo watu wanazifunga kwenye vikaratasi na kuziita dawa ya panya, zenyewe zinashambulia mishipa ya fahamu. Tiba inafuata jina la sumu. Pasipo na jina, daktari anapapasa.

Na panya wenyewe hawakuisha. Panya jike anabeba mimba siku 21 hadi 23 tu, anazaa watoto sita, saba, wakati mwingine zaidi, na siku chache baadaye anaweza kushika mimba nyingine. Mimi niliua watatu, pumba ikaendelea kumwagika palepale.

Ndipo nikaamua niwachunguze. Jioni nilichekecha jivu la jikoni, nikalitandaza kuzunguka banda lote na kando ya ukuta. Alfajiri nikaenda na tochi. Nyayo ndogo zenye vidole vilivyotawanyika, katikati mchirizi mwembamba wa mkia, na zote zimefuata ukuta, hakuna hata moja iliyokatiza uwanja. Zilianzia kwenye lundo la matofali na mbao chakavu nyuma ya choo, zikaenda moja kwa moja hadi chini ya chombo cha chakula, zikarudi. Nilikuwa naacha paraza na mashudu usiku kucha, nikidhani nawafanyia kuku wangu wema. Kuku akishapanda fito jioni hali tena mpaka kuche. Anayekula saa hizo ni panya.

Siku hiyohiyo tulihamisha lundo. Chakula nikakitia kwenye pipa la chuma lenye mfuniko, kwa sababu ndoo ya plastiki wanaitoboa. Sasa vyombo vinatoka bandani kila jioni kabla jua halijazama, na mayai yanaokotwa mara mbili kwa siku.

Banda lilichukua muda zaidi. Wengi wetu tunatumia ule wavu wa kuku wenye matundu ya pembe sita. Unazuia kuku kutoka, lakini panya mchanga anapita bila kujikuna. Niliuza majogoo manane, nikanunua wavu mgumu wa chuma wenye matundu ya nusu inchi, nikafunika kila penye uwazi, hata juu pale bati linapokutana na ubao. Hapo juu watu wengi wanapasahau. Kisha nikakumbuka kihenge cha marehemu baba yangu kule Kilosa. Kilisimama juu ya miguu ya mti inayofika kifuani kwa mtu mzima, na kila mguu baba aliuvisha bati la debe, limekunjwa kama mwavuli unaotazama chini. Panya alikuwa anapanda, anafika kwenye bati, anashuka. Nilikuwa mtoto, nilikaa nikiwatazama. Fundi wangu aliposikia habari hiyo alisema mama, haya ni mambo ya zamani, nikamwambia fanya hivyohivyo. Banda limeinuliwa mita moja kutoka chini, kila mguu una bati lake, ngazi ya kuku inaondolewa usiku, na hakuna mti wala ukuta ulio karibu kiasi cha panya kuruka. Bruda ya vifaranga iko peke yake, sakafu ya saruji, milango inafunga kabisa.

Waliobaki uani niliwatega. Panya anaogopa kitu kigeni, kwa hiyo mitego ya kubana niliiweka usiku tatu ikiwa na karanga za kukaanga bila kuitega, wakazila karanga, wakaizoea mitego. Usiku wa nne nikaitega yote, imebanwa na ukuta, na juu nimeifunika kwa kipande cha bati ili kuku asije akaingiza mguu. Tisa kwa usiku mmoja. Nawashika kwa mfuko wa plastiki, nafukia mbali na kisima, nanawa kwa sabuni.

Hili la kunawa msilidharau. Julai 2022 kule Ruangwa, mkoa wa Lindi, watu waliugua ugonjwa wa kutokwa damu puani, watatu wakafariki, na Wizara ya Afya ikatangaza kuwa ni homa ya mgunda. Ugonjwa huu unaenezwa na mkojo wa wanyama wenye vimelea vyake, panya wakiwemo, kupitia maji na udongo. Chombo cha maji cha kuku ambacho panya wamekitembelea usiku, asubuhi unakishika kwa mkono wenye mchubuko. Mimi sasa nakisugua kila siku.

Mhariri, nina maombi mawili. Kwanza kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu na kwa halmashauri zetu: sumu isiyo na lebo, isiyo na namba ya usajili wala jina la kilichomo, isiuzwe barabarani. Vijana wale wanatafuta riziki, siwaombei wafukuzwe, lakini wauze kilichosajiliwa, kwenye pakiti yake. Pili kwa wataalamu wetu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Hapa mjini kwetu panya buku wanafundishwa kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu, na mimi kama mkazi wa Morogoro najivunia. Watu wenye elimu hiyo ya panya wako kilomita chache kutoka Kihonda. Waje kwenye mikutano ya mtaa, watuonyeshe sisi akina mama namna ya kujenga na kutega.

Kwa sasa vifaranga wangu ni 51, na tangu Juni hajapotea hata mmoja kwa panya. Vipimo vya banda, urefu wa miguu na namna ya kukunja lile bati nimevichora kwenye daftari langu la vipimo vya nguo, kurasa za mwisho. Jirani yangu keshanakili. Wengine wa mtaani waje Jumapili mchana, nipo.

Fundi cherehani na mfugaji wa kuku,
Kihonda, Morogoro