Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya, Kaunti ya Kisumu: mgonjwa wa tundu la shingo akirudi nyumbani

Mheshimiwa Waziri, salamu kutoka Manyatta.

Mimi ndio hukesha na kakangu mkubwa. Alifanyiwa opareshoni ya uvimbe nyuma ya kichwa, ukatoka vizuri, halafu akapata stroku kwa shina la ubongo, pale chini karibu na uti wa mgongo, na hapo ndio kunatoka amri ya kupumua, kumeza na hata kukohoa. Sasa anapumulia kwa paipu ya shingoni. Makohozi yakijaa hawezi kuyatoa, lazima tunyonye na mashine, unaingiza mpira polepole, unanyonya ukivuta nje, isipite sekunde 15 kwa sababu saa hiyo pia hewa unamnyima. Stima ikipotea, na huku inapotea sana, mashine inazima na yeye bado anakoroma mbele yako. Hii ndio inaniogopesha kuliko kitu chochote.

Majirani wanatuambia tutafute mtungi wa oksijeni, wanatutakia mema kabisa, lakini oksijeni peke yake haitoshi. Mtu wa stroku ya shina la ubongo akishikwa na usingizi pumzi inaweza kupungua ama kusimama kidogo, kabonidayoksaidi, ile hewa chafu tunayotoa nje, inajaa kwa damu, na ukiwa umemwekea oksijeni ile klipu ya kidole ya kupima oksijeni kwa damu bado itasoma asilimia 97 na wewe utulie, kumbe anaamka kichwa kinamuuma, amechanganyikiwa, anasinzia tu mchana kutwa. Huyo anataka mashine ya kumsukumia hewa, baipapu, na dawa za usingizi asipewe ovyo.

Ombi langu, Mheshimiwa, kaunti iwe na stoo ya kuazimisha: mashine za kunyonya zenye betri, baipapu, klipu. Familia iweke sahihi, wakimaliza irudi, isafishwe, ipelekwe kwa mwingine. Na mafunzo yaanze wiki kadhaa kabla mtu atoke wodini, sisi tulionyeshwa haraka haraka siku ya kwenda nyumbani na tukaambiwa tutazoea. Wahudumu wa afya ya jamii wanatufikia mlangoni na vipimo vya presha na sukari, wafunzwe na hii pia, jinsi ya kusafisha paipu ya ndani ya ile ya shingoni, na ikiziba ghafla ufanye nini dakika hiyo hiyo.

Mwaka wa bajeti unaanza Julai 1, tafadhali hii iingie kabla hapo. Na ukitaka kujionea karibu kwetu, lakini uje usiku.

Dada ya mgonjwa, Manyatta