Sudi, feni ya hita imegoma kabisa

Kaka Sudi, habari za masiku? Ukimya umezidi ila hayo tutayaongea siku nyingine, mama mpe shikamoo yake, na yule bwana wa Mbagala mwambie hela yake naikumbuka asinitumie watu. Huku Njombe wazima tu, baridi ya mwezi wa saba unaijua mwenyewe, kule Makete sakitu inaunguza viazi na sisi huku ukungu unakaa mpaka saa tatu.

Nakuandikia kwa ajili ya feni ya hita ya gari, ile inayopuliza hewa ya moto ndani. Alfajiri natoka na maparachichi kwenda Makambako, tukishakuwa wawili ndani na vioo vimefungwa kioo cha mbele kinajaa mvuke sioni hata boneti, mama Tunu anafuta na kitenge huku ananisema. Tukishusha vioo mvuke unapungua ila tunafika meno yanagongana. Hita yenyewe nzima, zile hozi mbili zinazoingia ukutani nyuma ya injini nimezigusa zote za moto na geji iko palepale katikati, yani moto upo, wa kuupuliza ndo hayupo.

Sasa sikiliza maana najua utauliza ilianzaje. Tangu kipindi cha mvua namba 1, 2 na 3 za kasi ya feni zilikuwa zimekufa, inapuliza 4 tu. Hapo hata mimi nilijua ni rizista, ile inayopunguza umeme wa feni kwenye namba za chini, si we ndo ulinifundisha kwamba namba 4 haipiti kwenye rizista. Asa juzijuzi na hiyo 4 ikazima. Fyuzi ya hita, ile kubwa ya 40, nimeichomoa nzima, rilei nayo, ile swichi yake ya umeme, nikiwasha naisikia inalia tik.

Nikaipeleka kwa fundi mmoja hapa. Katoa droo ya dashibodi upande wa abiria, kagusa soketi ya mota na testa, taa ikawaka, basi akasema umeme unafika, mota imekufa, lete laki na ishirini. Kwisha! Mi sio fundi lakini roho ikakataa. Klipu ya testa alibana kwenye bodi ya gari, ambayo ni hasi, si ina maana kaona chanya peke yake? Na hii gari yangu chanya inafika kwenye mota ukishawasha funguo, hasi ndo inazunguka huko kwenye rizista na swichi ya namba afu irudi bodi. Hiyo hasi nani kaipima? Nikamwambia abane klipu kwenye chanya ya betri aguse ule waya wa pili mi nikiwa nimeweka namba 4, akanitazama tu kama nimemtukana.

Afu kuna hili. Ukigonga lile boksi la mota na mpini wa bisibisi, feni inashtuka, inazunguka kidogo inakata. Yeye akasema unaona, kaboni zimeisha, zile za ndani ya mota zinazopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka. Inawezekana kweli, sibishi. Ila kugonga kunatikisa kila kitu kaka, na soketi ya rizista iko hapohapo jirani, nimeichomoa nikakuta pini moja imekuwa ya kahawia na plastiki imeyeyuka upande. Na ndani ya feni nimetoa sindano za mipaina kiganja kizima, zinadondokea pale chini ya waipa maana pa kuegesha ni chini ya miti tu huku. Feni ikibanwa na uchafu inakula umeme zaidi, na rizista inapozwa na upepo wa feni hiyohiyo, sa upepo ukipungua we unategemea nini.

Nilichomuomba ni kitu kimoja tu, achomoe soketi, mota aipelekee waya mbili toka betri na fyuzi katikati, ikizunguka vizuri basi mota haina kosa tutafute kwingine, ikikataa natoa hela siku hiyohiyo. Akasema ntachoma gari. Ntachomaje gari na soketi imeshachomolewa?! Laki na ishirini siitoi mpaka niione ikikataa kwa macho yangu, mama Tunu anasema nabishana na fundi kwa sababu ya ubahili, hata kama, mota mpya ukiifunga kwenye soketi iliyoungua si tunarudi palepale.

Haya, we unaonaje? Waya wa namba 4 nao unapita soketi ya rizista au una njia yake? Fyuzi ya hapo katikati niweke ya ngapi, 30 inatosha? Kaboni za mota hizi zinabadilishwa kweli au ni kutupa yote? Na ukipita Gerezani kwenye maduka ya spea unaweza kuniulizia rizista used pamoja na soketi yake, wakate na waya ndefundefu za kuungia, unitumie kwa basi la usiku? Picha ya ile pini nimekutumia, umeiona? Afu Kibonge kaoa kweli au mnanitania? Nipigie baada ya saa tatu usiku, mapema mtandao unasumbua, hela ya rizista ntakurushia ukishaniambia bei.