Mbegu ya majani wima haitaki nafasi ya babu

Msimu uliopita, mahindi yakiwa bado yameanikwa uani, mzee mmoja mteja wetu aliingia dukani na pakiti tupu mkononi. "Kijana, mbegu hii mliniuzia ghali, na nimevuna sawa na ile ya zamani." Hakuja kwa hasira, na hilo lilituuma zaidi. Tukamwuliza alipandaje. Akatuonyesha kwa mguu pale pale sakafuni: hatua moja, shimo, hatua nyingine, shimo. Ndivyo alivyofundishwa na baba yake.

Mbegu haikuwa na kosa. Kosa ni letu, tuliomuuzia pakiti tukamwacha aende bila kumwambia kwamba mahindi haya yana umbo jingine.

Sisi wa Kitale tumekulia ndani ya mahindi marefu. Mbegu chotara ya H611 ilizaliwa hapa hapa, ikatolewa kwa wakulima mwaka 1964: mama na baba ni mahindi ya Kitale na mengine yaliyotoka Ekuador. H614 ni wa ukoo huo, na ukisimama katikati ya shamba lake huonekani. Nafasi tulizozoea ni nafasi za mahindi ya aina hiyo, na kwa hayo hazikuwa ujinga.

Sasa tazama jani. Jani la juu likilala kama sinia, jua la saa sita linalipiga lote. Linatengeneza chakula, lakini mwanga unavyozidi, faida yake inapungua, huku majani ya chini yakishinda kivulini. Jani likisimama kama upanga, mwanga unateremka hadi kwenye majani yaliyo jirani na hindi, na hayo ndiyo yanayolilisha kwa sehemu kubwa. Watafiti wa Illinois, Marekani, waliwahi kuyainua majani ya juu ya hindi kwa mikono na kuyafunga yasimame. Waliyoyachapisha mwaka 1968 yanasema mavuno yaliongezeka. Bua ni lile lile, mbegu ni ile ile, kilichobadilika ni mkao wa majani tu!

Wazalishaji wa mbegu wamekuwa wakichagua mahindi ya mkao huo kizazi baada ya kizazi. Mbelewele, lile ua la kileleni, nayo wameipunguza matawi, kwa sababu hata ndogo inatoa chavua ya kutosha, na kubwa inageuka mwavuli juu ya shamba. Na kuna jambo lisiloonekana kwa macho: mahindi ya zamani yakibanwa yanahisi jirani, yanakimbilia juu, bua linakuwa jembamba, nywele za hindi zinachelewa kutoka na mengine hayabebi kabisa. Mapya yanavumilia msongamano huo.

Hapa ndipo jibu la mzee wetu lilipo. Donald Duvick, mzalishaji wa mbegu wa Iowa, alipanda pamoja haibridi, yaani mbegu chotara, za tangu miaka ya 1930 na zile za karibuni. Mimea ilipoachiwa nafasi kubwa sana, mpya haikuizidi ya zamani kwa kiasi cha kutajwa, bua kwa bua. Tofauti ilijitokeza ilipobanwa. Wakulima wa huko walikuwa wakipanda mimea kama 12,000 kwa ekari katika miaka hiyo ya 1930. Leo ni kama 32,000. Kwa hiyo ukinunua mbegu ya majani wima ukaipanda kwa hatua, umelipia uwezo wa kusongamana kisha hukuutumia. Jua ulilolipia linaotesha magugu.

Usikimbilie 32,000, tafadhali. Wale wana mbolea nyingi na mashine, na sisi tuna mvua tunayoijua wenyewe. Kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30, mbegu moja kila shimo, unapata mimea kama 18,000 kwa ekari. Kwa 75 kwa 25 unafika 21,500 hivi. Huko kubana ni kwa shamba lenye mbolea ya kupandia na ya kukuzia, zote mbili. Kama mfuko unaruhusu moja tu, baki kwenye 30. Mimea mingi yenye njaa inakupa magunzi membamba kama kidole, halafu utarudi na pakiti nyingine tupu.

Na palizi ya kwanza isichelewe. Majani wima hayafuniki udongo upesi kama yale mapana yaliyolala, kwa hiyo magugu nayo yanapata sehemu yao ya jua. Waliochanganya na maharage wanaweza kufurahia hilo, maana mwanga unaoteremka unayafikia.

Kujua ulicho nacho shambani si kazi ya kuita mtaalamu. Mistari ikiwa sentimita 75, pima mita 5.4 kwenye mstari mmoja, hesabu mabua, kisha zidisha kwa 1,000. Ukipata 18, una mimea 18,000 kwa ekari. Fanya hivyo sehemu nne au tano, si pale karibu na barabara ambapo kila shamba linapendeza. Mzee alipohesabu mabua makavu aliyoyaacha shambani alipata 11, 10, 12, na 9.

Ukija kununua mbegu tutakuuliza mambo matatu kabla ya kufikia rafu: utaweka mbolea gani, unachanganya na nini, na mwaka jana ulihesabu ngapi. Kisha tutakuazima kamba ya kupandia yenye mafundo, ya sentimita 25 upande mmoja na 30 upande wa pili, bila malipo. Zilikuwa sita. Ziko nne. Aliye na zile mbili azirudishe kabla ya mvua za Machi, na mzee wetu ameshaweka jina lake kwenye mojawapo.