Ukifika Mkunazini, tazama juu

Bagamoyo

Kwako sahibu yangu Hamisi,

Assalaam alaikum. Ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo, mvua zimepungua na kazi za lipu zimeanza tena. Nimefurahi kusikia utapanda boti hapo Tanga uende Unguja. Umeniuliza kama lile kanisa kuu la Waanglikana la Mkunazini linafaa kupewa nusu siku. Lipe siku nzima, wewe hasa, uliyejifunza uashi.

Wageni wengi wakifika pale huteremka moja kwa moja kwenye vyumba vya chini, vile wanavyoambiwa kwamba watumwa walifungiwa humo. Teremka nawe. Ila ujue jengo lililo juu ya vyumba hivyo lilijengwa na misheni soko la watumwa likiwa limekwisha kufungwa, na wapo wanahistoria wanaoitilia shaka habari hiyo. Soko lenyewe halina shaka. Lilikuwa hapo hapo penye kanisa, na Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, alilifunga Juni 1873 baada ya kubanwa na Waingereza. Basi ukishatoka chini, ingia kanisani utazame juu.

Sisi tumezoea boriti. Unajua mwenyewe nyumba ya kale, iwe hapa kwetu au huko Pangani: upana wa chumba ni urefu wa boriti ya mkoko, mara nyingi haufiki hata mita tatu, ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba. Pale Mkunazini upana ni futi 28, karibu mita nane na nusu, na huoni boriti hata moja. Paa ni tao moja la zege, matumbawe yaliyopondwa yakachanganywa na saruji ya Portland, limevuka kutoka ukuta hadi ukuta kama tumbo la jahazi lililopinduliwa. Hiyo ni miaka ya 1870, Hamisi! Wewe na mimi tunajua tao zito namna ile linavyosukuma kuta kwenda nje mchana na usiku. Tunajua pia roho ya fundi inavyokuwa siku ya kuondoa mbao zilizolishikilia. Limesimama mpaka leo.

Mchoro ulikuwa wa msanifu wa Uingereza, C. F. Hayward, lakini aliyesimamia ujenzi ni Askofu Edward Steere, yule yule aliyeandika sarufi ya Kiswahili na kutafsiri Agano Jipya. Jiwe la msingi liliwekwa Krismasi ya 1873, na Krismasi ya 1877 watu wakasali humo ujenzi ukiwa haujaisha. Steere alifariki 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu. Yeye jina lake linajulikana. Wenzetu waliobeba yale mawe, ambao baadhi yao walikuwa watumwa waliokombolewa, hawakuandikwa ukutani, na jambo hilo linaniuma kila nikilikumbuka. Walijenga pale pale walipouzwa watu kama wao.

Mwongozaji atakuonyesha nguzo za nyuma zilizosimamishwa kichwa chini miguu juu. Husimulia kwamba mafundi waliziweka hivyo Steere akiwa safarini, na watalii hucheka sana. Mimi kicheko kile sikipendi. Mtu hajawahi kuona nguzo ya namna ile, na hakuna aliyemwambia upande upi ni wa juu. Zitazame kwa jicho la timazi: zimenyooka, na zimebeba mzigo wao zaidi ya miaka mia moja na arobaini.

Mbele ya madhabahu kuna duara la marumaru nyeupe sakafuni, lililozungukwa na nyekundu. Wanasema hapo ndipo palipokuwa na mti wa kuchapia watumwa viboko. Karibu yake utaona msalaba uliochongwa kwa mti wa Chitambo, kijiji cha Zambia ya leo, ule ambao moyo wa David Livingstone, mmisionari aliyepiga vita biashara ya watumwa, ulizikwa chini yake. Hapo sisi wa Bagamoyo tuna neno letu. Livingstone alifariki Mei 1873, mwezi mmoja tu kabla soko halijafungwa, wala hakupata habari. Watumishi wake, akina Susi na Chuma, walipoufikisha mwili wake hapa kwetu Februari 1874, ukawekwa kwa mapadri wa misheni ya Kikatoliki, msingi wa kanisa la Mkunazini ulikuwa umekwisha kuwekwa. Mnara wa kanisa la misheni hiyo bado upo hapa, utauona ukija.

Saa ya mnarani ni zawadi ya Sayyid Barghash. Nje kuna shimo lenye sanamu za watu watano wenye minyororo shingoni, kazi ya msanii Clara Sörnäs. Usilipite haraka.

Sasa nina ombi. Kanisa lilifanyiwa ukarabati mkubwa miaka ya karibuni kwa msaada wa Umoja wa Ulaya na World Monuments Fund, shirika la kuhifadhi majengo ya kale. Nataka kujua kuta zinapumuaje. Pitisha kiganja chini kabisa, karibu na sakafu, uone kama lipu imevimba au inatoa chumvi, na uulize wametumia chokaa au saruji. Mimi hapa nina ukuta wa matumbawe unaonisumbua, na jibu lako litanisaidia kabla sijakoroga chochote. Yule kijana unayemfundisha kazi nenda naye pia, naye alione lile tao.

Msalimie mama watoto na wote hapo Ngamiani.

Ni mimi sahibu yako,
Omari