Idi njema, hata kwa ambaye dua yake bado

Assalaam alaykum wa rahmatullah.

Idd Mubarak, jamaa zangu wa karibu na wa mbali. Taqabbal Allahu minna wa minkum. Mwezi umeandama, takbira zimetanda mitaani, na natumai kila mwenye uwezo ameshatoa zaka ya fitri: pishi moja ya chakula kwa kila kichwa nyumbani, kuanzia babu mpaka kichanga. Kama unasoma hapa kabla ya swala ya Idi na hujaitoa, weka simu chini kwanza, nenda katoe. Salamu zitakungoja.

Kuna jambo limenikaa moyoni tangu lile kumi la mwisho la Ramadhani. Misikiti ilijaa, watu wakatandika mikeka hadi barazani, na kila usiku wa witri (usiogawika kwa mbili) ukija tulikuwa tunautafuta Usiku wa Cheo, ulio bora kuliko miezi 1,000. Raha kuona. Ila baada ya kisimamo, ile swala ya usiku, huku watu wakitafuta viatu vyao, swali lilikuwa moja: wewe umeomba nini mwaka huu? Huyu kazi, yule mume, mwingine viza. Na kwenye simu zikawa zinaingia dua zenye masharti: peleka kwa watu kumi, kabla hakujakucha utapata habari njema, ukipuuza, usije ukamlaumu mtu. Hiyo si dua tena, ni upatu.

Sisemi kuomba ni kosa. Husimuliwa kuwa Rabia al-Adawiyya wa Basra, yule bibi mchamungu wa karne ya pili Hijria, alimwambia Mola wake: kama nakuabudu kwa kuogopa Moto, niunguze humo, kama nakuabudu kwa tamaa ya Pepo, niharamishie, na kama nakuabudu kwa ajili Yako tu, usininyime kukuona. Maneno mazito, na wahadhiri huyapenda. Mimi nikiyasikia, humkumbuka yule sahaba ambaye Mtume (s.a.w.) alimuuliza husema nini katika swala yake. Akajibu kwamba husoma tashahudi, kisha humuomba Mwenyezi Mungu Pepo na kujikinga Kwake na Moto. Akaongeza kuwa kunong'ona kama anavyonong'ona Mtume, au kama sahaba mwenzake Muadh, yeye hakuwezi. Mtume akamwambia kuwa na wao hunong'ona kuhusu hayohayo. Hakumkemea kwa kutaka Pepo. Basi nasi tuombe tu, viza na mume vikiwemo.

Panapotisha ni pale Suratul Hajj, aya ya 11, inapomtaja mtu anayemuabudu Mwenyezi Mungu akiwa ukingoni. Ikimfika kheri, anatulia. Ukimfika mtihani, anageuza uso. Nahisi wengi wetu huanza kujijua hapo ikifika Shawwal, mwezi unaofuata Ramadhani, msikiti ukirudi safu mbili na ile kazi tuliyoililia bado haijatokea.

Bibi Aisha (r.a.) amesimulia kuwa Mtume alikuwa akisimama usiku kuswali mpaka miguu yake ikipasuka. Akamuuliza kwa nini anafanya hivyo, hali Mwenyezi Mungu amekwisha kumsamehe yaliyotangulia na yatakayofuata. Akajibu: "Je, nisiwe mja mwenye kushukuru?" Hebu likalieni jibu hilo kidogo. Msamaha keshaupata. Lingekuwa suala la kutafuta malipo, yeye ndiye angekuwa wa kwanza kulala. Bado yuko wima, na miguu inauma.

Na watu wenye harufu ya hali hiyo tunao, mnawajua. Yule mama aliyeomba mtoto mpaka umri ukampita, na kila Ijumaa ndiye anayetangulia kutandika busati upande wa wanawake. Humsikii akimdai Mungu. Sijui ndani ya kifua chake mna nini, lakini nikimuona nahisi ibada yangu ni nyepesi.

La sadaka nitalipitia haraka, maana kila mwaka tunalisema. Suratul Insan, aya ya 9, inawasifu wanaolisha masikini wakisema: tunakulisheni kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, hatutaki kwenu malipo wala shukrani. Sasa yule bibi kizee aliyeshikishwa mfuko wa unga mbele ya kamera, akaambiwa atabasamu, ametoa malipo au hajatoa? Mpeni unga wake, mwacheni aende.

Kwa hiyo mwaka huu salamu zangu za kwanza nazipeleka kwa ambao dua yao haijajibiwa. Aliyemuombea mgonjwa, na mgonjwa akatangulia ndani ya Ramadhani. Aliyefunga bila kazi na anakula Idi bila kazi. Anayefanya Idi peke yake ughaibuni, chumba kimoja, pilau ya mtu mmoja. Mlisimama pamoja nasi, na leo mmeamka mkaoga, mkavaa, mkatoka kuleta takbira. Mungu awapokelee, awape na mlichoomba.

Sitta ya Shawwal, zile funga sita, wanaoweza tuianze baada ya leo. Leo kufunga ni haramu, kwa hiyo asinitafute mtu na visingizio mbele ya sahani ya biriani. Na wazazi, chenji ya mkono wa Idi iwe tayari mapema. Watoto wameshaanza kupita.

Idi njema.