Kabla hujanunua mashine ya mkono uliopooza

Wiki haipiti bila ndugu wa mgonjwa wa kiharusi kutupigia simu akiulizia glovu ile inayokunja na kukunjua vidole yenyewe. Ameiona kwenye video, familia imechanga, yuko tayari kulipa. Tunazo na tunaziuza. Ila kabla ya kutaja bei tunamuuliza: mgonjwa akiambiwa afungue kiganja, kuna chochote kinachosogea, hata kidole kimoja?

Tunauliza hivyo kwa sababu seli za ubongo zilizokufa hazirudi. Sehemu zilizosalimika ndizo hujifunza kubeba baadhi ya kazi zile, na hujifunza kwa kutenda: mgonjwa mwenyewe akusudie, ajaribu, akosee, arudie. Glovu ikimkunja vidole huku yeye anatazama televisheni, viungo havikakamai, na hiyo ni faida. Lakini ubongo wake haujafanya kazi yoyote ya maana. Kama kuna kidole kinachosogea, hata kwa shida, tunaanza na hicho.

Mwanasaikolojia wa Marekani Edward Taub alieleza jambo ambalo familia nyingi huliona bila kulielewa. Mkono dhaifu ukimwangusha mgonjwa kila akijaribu, na ule mzima upo tayari, anazoea kuuacha ule dhaifu hata katika kazi ambazo ungeziweza. Tiba yake ni kuuvika mkono mzima glovu nene ili ule dhaifu usiwe na pa kujificha. Jaribio kubwa la tiba hiyo lilichapishwa mwaka 2006, na wagonjwa 222. Kwa wiki mbili kundi moja lilivaa glovu hiyo muda mwingi wa kuwa macho na kufanya mazoezi hadi saa 6 kwa siku. Waliopata tiba hiyo waliendelea vizuri kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida, na mwaka mmoja baadaye tofauti bado ilionekana. Inawafaa wenye uwezo kidogo wa kunyanyua kifundo cha mkono na vidole, haimfai kila mtu.

Linganisha na hali ya kawaida. Mwaka 2009 watafiti waliokaa na kuhesabu katika vipindi vya mazoezi ya wagonjwa wa kiharusi walikuta mkono dhaifu ukifanya kazi halisi wastani wa mara 32 tu kwa kipindi. Katika majaribio ya wanyama yaliyoonyesha ubongo ukibadilika, marudio yalikuwa mamia. Ndiyo maana tunasisitiza mazoezi ya nyumbani kuliko kifaa chochote tulicho nacho.

Zoezi tunalolipenda halihitaji zaidi ya kikombe na vibanio vya nguo. Mgonjwa anakaa mezani, miguu imekanyaga sakafu, anabana vibanio ukingoni mwa kikombe kimoja kimoja, kisha anavitoa. Anayemsaidia asiangalie vidole tu, aangalie bega. Likianza kupanda kuelekea sikioni, au kiwiliwili kikianza kulala upande, mkono umechoka na mwili unatafuta njia ya mkato. Apumzike, kisha kikombe kisogezwe karibu zaidi.

Na tafadhali sana, msimwinue mgonjwa kwa kumvuta mkono uliopooza. Misuli inayoshikilia bega imelegea, na mfupa huteleza kidogo kutoka mahali pake. Maumivu ya bega yanaweza kumfanya akatae mazoezi kabisa. Mshikeni kiunoni au mgongoni, na akikaa mkono uwe juu ya mto.

Sasa mashine. Uingereza walijaribu roboti ya kufundisha mkono kwa watu 770, na matokeo ya mwaka 2019 yakaonyesha kuwa haikuwapa uwezo zaidi wa kuutumia mkono kuliko huduma ya kawaida. Kifaa tunachokipendekeza bila kusita ni kichocheo cha umeme cha mguu unaoburuta ncha. Elektrodi, yaani vibandiko vinavyopitisha umeme, hukaa chini kidogo ya goti, upande wa nje. Kisigino kikiacha ardhi, kifaa husisimua neva na ncha ya mguu huinuka kwa wakati, basi mtu hajikwai. Hufanya kazi pale tu neva kutoka uti wa mgongo hadi kwenye msuli ni nzima. Baada ya kiharusi kwa kawaida huwa nzima. Kama neva ya mguu ndiyo iliyokatika, usinunue.

Vipya zaidi havipo dukani kwetu. Mwaka 2021 mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, FDA, iliidhinisha kifaa kinachopandikizwa kifuani kusisimua neva ya vagasi, inayotoka kwenye ubongo kupitia shingoni, wakati mgonjwa akifanya mazoezi ya mkono. Desemba 2024 ikaruhusu kingine kinachosisimua uti wa mgongo kupitia ngozi, kwa walioumia shingoni. Vyote viwili hutumika pamoja na mazoezi.

Kwa walioumia uti wa mgongo kuna msaada ambao sisi hatuwezi kuutoa: mtu aliyepitia hali hiyo hiyo. Wakfu wa Christopher na Dana Reeve, shirika la Marekani linalosaidia waliopooza, hutoa bure taarifa na wenzi wa kuzungumza nao. Mtu anayetumia kiti cha magurudumu akimwonyesha mgeni jinsi ya kuhamia kitandani, mgeni huamini haraka kuliko akielezwa na sisi.

Ziara yetu ya kwanza nyumbani kwa mgonjwa ni ya kupima tu, hatuji na kifaa cha kuuza. Kichocheo cha mguu tunakiazima ajaribu kwanza. Andaeni karatasi za kutoka hospitali na orodha ya dawa, na mtuambie mapema kama mgonjwa ana kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo au amewahi kupata kifafa.